Houston, El Paso au Fort Worth? Jibu kwa dada wa Nakuru kuhusu usalama wa miji ya Texas

Dada yangu, asante kwa swali lako na pole kwa usingizi uliokosa. Kwa wengine wanaosoma, swali liko hivi: dada ni nesi, yuko Nakuru, amepata kazi kwenye hospitali moja pale Texas Medical Center Houston, na ana ofa ya pili El Paso ila mshahara uko chini kidogo. Anakuja na mume na watoto wawili. Binamu yake anakaa Fort Worth na kamwambia Houston watamwua, halafu juzi kaona orodha ya miji hatari ya Texas, Houston iko juu kabisa na El Paso iko chini. Sasa anauliza, "niende wapi ambako watoto wangu watakuwa salama, na hizi namba niziamini kiasi gani?"

Mimi kazi yangu miaka yote ni hizi takwimu za uhalifu, nazipanga, nazipima, naangalia wapi zinadanganya, na naishi huku huku Texas na nina watoto pia, kwa hiyo hili swali silijibu kama mtu wa mbali. Jibu langu kwa kifupi ni kwamba chukua kazi unayoitaka wewe, hata kama iko Houston, halafu nguvu zote ulizokuwa unatumia kuogopa mji uzihamishie kwenye kuchagua jengo utakalokaa. Kwenye jengo ndo kuna mambo.

Tuanze na ile orodha. Hizo orodha zote zinatoka kwenye namba ambazo polisi wa kila mji wanapeleka FBI, na FBI wenyewe miaka yote wanasema wazi msitumie hizi namba kupanga miji nani wa kwanza nani wa mwisho, lakini watu wa mitandao hawasikii maana orodha ndo inayobonyezwa. Mwaka 2021 FBI walibadilisha mfumo wa kuhesabu, zamani tukio moja likiwa na makosa matatu ndani yake walikuwa wanahesabu lile kubwa tu, mfumo mpya unahesabu yote, na vituo vingi nchi nzima havikuwa tayari, hata New York na Los Angeles hawakuwemo kwenye namba za mwaka ule. Kwa hiyo ukikuta mtu anachora mstari kutoka 2019 mpaka 2022 bila kusema neno kuhusu hilo, mtu huyo usimwamini sana.

Halafu kuna lugha. Sisi kwenye Kiswahili cha kila siku tunasema "wizi" basi, tumemaliza. Huku kwenye sheria kuna kuvunja nyumba ya mtu na kuingia kuiba, kuna kuchukua kitu bila nguvu kama kuiba dukani au kubeba kifurushi mlangoni kwa mtu, kuna kuiba gari, na kuna unyang'anyi, yaani kumtishia mtu uso kwa uso. Hayo ni makosa tofauti kabisa, lakini kwenye orodha nyingi yanachanganywa yote kwenye kapu moja linaitwa "uhalifu". Angalia mji mdogo wa Humble, uko kaskazini ya Houston karibu na uwanja wa ndege, wakazi ni kama 17,000 tu lakini una duka kubwa la Deerbrook Mall na maduka mengine pembeni, watu kutoka kila upande wanakuja kununua, na wezi wa madukani nao wanakuja. Kila shati lililoibiwa mle linagawanywa kwa wale wakazi 17,000. Mji unaonekana kama vita wakati watu wake wamelala.

Na hesabu yenyewe ya "kwa kila watu 100,000" inafanya vituko kwenye miji midogo. Mji wa watu 5,000 ukiuawa mtu mmoja kwa mwaka, tena labda ni ugomvi wa mtu na mkewe, kiwango kinakuwa 20. Houston mwaka 2021, ambao ulikuwa mwaka mbaya sana, waliuawa watu zaidi ya 460 kwenye mji wa watu milioni 2.3, ukigawanya unapata kama 20 vile vile. Tangu hapo mauaji ya Houston yameshuka mwaka hadi mwaka, ila watu bado wanaongea kana kwamba ni 2021.

Namba gani sasa mimi naziamini? Mauaji naziamini, maana maiti haifichiki. Wizi wa magari naziamini, kwa sababu bila ripoti ya polisi bima haikulipi, kwa hiyo wengi wanaripoti hata wasiopenda polisi. Hizo nyingine punguza imani. Serikali kuu hapa inafanya utafiti kila mwaka wa kuwauliza watu majumbani, umefanyiwa nini na uliripoti au hukuripoti, na miaka ya karibuni inatoka kwamba chini ya nusu ya matukio ya ukatili ndo yanafika polisi, na wizi wa kawaida ni kama robo tu. Sasa fikiria mitaa ya wahamiaji, watu wanaogopa, Kiingereza hakijakaa sawa, mtu amenyang'anywa simu anasema bora uzima. Mtaa kama huo unaweza kuonekana shwari kwenye karatasi.

Na hata ukiripoti. Mwaka 2024 polisi wa Houston wenyewe walikiri kwamba tangu 2016 walikuwa wameweka kando kesi zaidi ya 264,000 kwa alama ya kwamba hakuna askari wa kutosha kuzifuatilia, na ndani yake zilikuwepo za ubakaji maelfu. Mkuu wa polisi akaondoka mwaka ule ule. Hilo mimi liliniuma na bado linaniuma, maana nyuma ya kila alama kuna mtu alikaa nyumbani anasubiri simu. Nakwambia hili ili ujue kwamba nikisema nenda Houston sikufichi kitu.

Haya, El Paso. Ile orodha haijakosea kuonyesha ni mji mtulivu, na ni mtulivu miaka mingi. Mwaka 2010 ng'ambo ya mto, Ciudad Juárez upande wa Mexico, waliuawa watu zaidi ya 3,000, na El Paso mwaka huo huo waliuawa 5. Watano. Mto uko katikati, unavukwa kwa daraja kwa miguu. Huo ni mji wa wahamiaji na watoto wa wahamiaji, wengi wa asili ya Mexico, na ndo moja ya miji mikubwa salama Marekani, kwa hiyo mtu akikwambia wahamiaji ndo wanaleta uhalifu mwonyeshe El Paso. Lakini tarehe 3 Agosti 2019 kijana mmoja aliendesha gari zaidi ya masaa kumi kutoka Allen, kitongoji cha Dallas, akaingia duka kubwa la Walmart la El Paso na bunduki, watu 23 wakafa. Na Allen kwenyewe ni kwa wenye pesa, shule nzuri, kila orodha inaisifia, na tarehe 6 Mei 2023 mtu mwingine kabisa akaua watu 8 kwenye maduka ya pale pale Allen. Matukio ya namna hiyo hayafuati orodha yoyote na mimi siwezi kukupangia maisha kwa kuyakwepa, na wewe usijaribu.

El Paso shida yake kwako ni nyingine, hutapata Waswahili wengi. Ni jangwa, iko mbali na kila mji mkubwa wa Texas, na kwa familia inayoanza upya upweke nao ni hatari japo hakuna polisi anayeuhesabu. Fort Worth iko vizuri, kiwango chake cha mauaji miaka ya karibuni kimekuwa chini ya Houston na Dallas, wapo Wakenya na Wakongo, ila kazi haipo Fort Worth, kazi iko Houston, kwa hiyo tuirudie Houston.

Kitu ambacho binamu yako hajakwambia, labda hajui, ni kwamba anwani ikisema Houston haimaanishi uko Houston. Mji una zaidi ya maili za mraba 600, na nje ya mpaka wake kuna maeneo makubwa, upande wa Spring, Cypress, Katy, ambako anwani nyingine posta inaziandika Houston lakini polisi wa Houston hawahusiki, wanalinda watu wa sheriff na makonstebo wa kaunti, na namba zao zinaingia kapu lingine. Halafu katikati ya Houston kwenyewe kuna miji midogo imezungukwa pande zote, Bellaire, West University Place, ina polisi wake na meya wake. Tena Houston haina ile sheria ya kugawa mji kwamba hapa nyumba za kukaa hapa biashara, kwa hiyo unakuta jumba la kifahari, gereji, kanisa, na apatimenti za bei rahisi mtaa mmoja. Ukimuuliza mtu "southwest Houston ikoje" ni sawa na kuuliza Nairobi ikoje.

Wanaosoma uhalifu wameligundua hili zamani. Kwenye mji wa Minneapolis, utafiti wa mwaka 1989 ulionyesha kwamba asilimia kama 3 tu ya anwani ndo zilitoa nusu ya simu zote za polisi. Dallas mwaka 2021 wakaamua kulifanyia kazi, wakakata mji mzima vipande vya futi 330 kwa 330, yaani kama mita 100 kila upande, wakakuta ukatili umekaa kwenye vipande vichache mno, na vingi vya hivyo vilikuwa kompleksi za apatimenti, wakapeleka nguvu pale pale na ukatili ukashuka. Mita mia moja, dada. Hiyo ni kama kutoka getini kwako mpaka duka la kona. Ndo maana nakwambia habari ya mji iache.

Umesema shemeji anataka Sharpstown au Alief, mitaa ya kusini-magharibi mwa Houston, kwa sababu kanisa la Wakongo liko huko na kuna watu wa kuongea nao, na wewe umeona hayo majina kwenye orodha mbaya. Mimi niko upande wa shemeji, kwa sharti. Kwenye barabara moja ya maeneo hayo unakuta kompleksi mbili zimetazamana, moja ina familia za Wakongo na Wahonduras na watoto wanacheza mpira mpaka saa mbili usiku, ya pili usingependa hata kugeuzia gari. Kodi yao imepishana kidogo tu. Utazijuaje?

Nenda usiku. Mchana kila apatimenti ni nzuri, ofisi wameweka kahawa na maua. Nenda saa nne usiku, siku ya Ijumaa, uende paking, uangalie chini. Ukiona vile vipande vidogo vidogo vya kioo, vinang'aa kama chumvi ya mawe, vimelala kwenye lami kati ya mistari ya paking, hapo dirisha la gari limevunjwa, na kama vipo sehemu tatu nne na vingine vimeshakandamizwa na matairi ujue ni tabia ya pale na hakuna anayefagia. Angalia geti, limefungwa au limeachwa wazi na mkono wake umekunjwa, na usidanganywe kwamba "linatengenezwa wiki hii". Angalia masanduku ya barua, kama milango yake imepindwa na bisibisi ndo hivyo tena, barua zenu za karatasi za uhamiaji zitapitia humo. Hesabu taa za ngazi ngapi haziwaki. Halafu simama kidogo usikilize. Mimi mwaka wangu wa kwanza Texas nilienda mchana tu, nikapenda bwawa la kuogelea nikasaini, na mwezi wa pili dirisha langu likavunjwa, niliacha begi kwenye siti ya nyuma, na nilipoenda kwa meneja kuomba picha za kamera nikaambiwa kamera hazijafanya kazi tangu mwaka jana. Zilikuwa zimening'inia pale kama mapambo.

Kwa kuwa uko Nakuru, usisaini chochote ukiwa huko, na wala usitume deposit kwa mtu uliyemwona kwenye tangazo. Hiyo ndo hatari ya kwanza ya wageni, kuliko bunduki, picha nzuri, bei ya chini, "mwenye nyumba yuko safarini tuma hela nikutumie funguo". Tafuteni pa kufikia wiki tatu nne kwa ndugu au chumba cha muda, ndo mtembee. Polisi wa Houston wanatoa data za uhalifu kwa mtaa, na kwa sheria ya Texas ya taarifa za umma unaweza kuandika uombe orodha ya mara ngapi polisi wameitwa kwenye anwani fulani mwaka mzima. Ni haki yako hata kama si raia. Ukiipata usishtuke na wingi peke yake, jengo la nyumba 400 lazima liite polisi, angalia wameitwa kwa nini, kelele za muziki na gari lililozuia njia ni kitu kimoja, risasi na kuvunja milango ni kitu kingine.

Ukishahamia, sheria ya nyumba ya Texas inasema mwenye nyumba lazima abadilishe funguo ndani ya siku 7 mpangaji mpya akiingia, na mlango lazima uwe na komeo la ndani ambalo halifunguki kwa ufunguo wowote wa nje, na tundu la kuchungulia. Hii si hisani. Uliza siku ya kwanza, omba kwa maandishi, maana mpangaji aliyetangulia na marafiki zake wote wana funguo yako.

Gari nalo. Kia za 2011 mpaka 2021 na Hyundai za 2015 mpaka 2021, zile za kuwasha kwa ufunguo wa kawaida, nyingi hazikuwekewa kifaa cha kuzuia wizi na vijana wanaziwasha kwa waya wa USB, ndo maana utaziona zinauzwa bei nzuri. Wenzako watakwambia nunua bima ya chini kabisa, lakini ile bima ya lazima inalipa uliyemgonga tu, gari lako likiibwa au kioo kikivunjwa unalia peke yako. Na kuna wizi mmoja wa Houston unaitwa jugging, mtu anakaa paking ya benki anaangalia nani katoka na bahasha, anamfuata taratibu mpaka anaposimama. Sisi watu wa michango na harambee tunabeba keshi, tunatoa benki hela ya msiba tunapitia dukani. Acheni hiyo.

Sasa bunduki, maana najua ndo inakukosesha usingizi. Tangu Septemba 2021 mtu wa miaka 21 asiyezuiwa na sheria anaweza kubeba bastola Texas bila kibali. Mimi ninavyoishi ni hivi: barabarani simpigii mtu honi ya hasira na wala simwangalii, akinichomekea namwacha aende. Usiku siingii uwanja wa mtu kuuliza njia, sheria ya hapa inampa mwenye nyumba nafasi pana sana ya kutumia silaha. Na watoto wangu wakialikwa kwa rafiki nawauliza wazazi kabla, "mna bunduki, na mnaifungia wapi?" Mwanzo nilikuwa naona aibu. Wazazi wa Texas wenyewe hawaoni ajabu, wanakujibu kabisa.

Lakini kinachoniogopesha zaidi kwako ni ile barabara ya kurudi nyumbani saa moja asubuhi baada ya shifti ya masaa 12. Texas haijapata siku moja bila mtu kufa barabarani tangu tarehe 7 Novemba 2000, kila mwaka kuanzia 2021 mpaka 2024 walikufa zaidi ya 4,000, wakati mauaji ya jimbo zima ni kama nusu ya hapo au chini. Wakenya wenzako huku wengi ni manesi na wasaidizi wa wagonjwa, wanabeba kazi mbili, na tumezika watu waliosinzia kwenye usukani. Kwa hiyo ukaribu na hospitali uupe uzito kuliko ule "utulivu" wa nje ya mji. Pearland kwa barabara ya 288 ni sawa, ni karibu na ni kutulivu kweli. Katy ni kuzuri, lakini safari ndefu hivyo ukiwa umekesha, hapana dada, kwa mwaka wa kwanza hapana.

Na likitokea la kutokea, piga 911 na useme neno moja tu, "Swahili", wana wakalimani kwa simu. Ripoti hata kitu kidogo na uchukue namba ya kesi. Texas ina mfuko wa fidia kwa walioumizwa na uhalifu wa nguvu, hadi dola 50,000 za matibabu na mshahara uliopotea, una miaka 3 ya kuomba lakini kwa kawaida bila kuripoti polisi hupati. Na mwambie dada yeyote unayemjua huku anayepigwa ndani kwamba sheria ya Texas inamruhusu kuvunja mkataba wa nyumba bila faini akiwa na karatasi za mahakama, maana wengi wanabaki kwa kuogopa kodi.

Mkipata apatimenti mbili tatu mnazozipenda, nitumie anwani kamili na namba ya jengo kabla hamjaweka sahihi. Jina la mtaa peke yake halinisaidii. Na shemeji aende Ijumaa usiku na tochi.